Barua ya Joram Mogesi Kuhusu Nyangumi

Joram Mogesi alikwenda kwenye kikao cha wazazi kwa ajili ya mtaro wa bomba. Shule ya sekondari aliyosoma binti yake Irine ilikuwa inavuta maji kutoka barabarani, na wazazi wa Mbalibali walitakiwa wakubaliane nani atachimba na nani ataleta mchanga. Joram alikuwa fundi wa kujenga. Alijiandikisha siku tatu, akatulia. Kikao kilipokwisha na watu wameanza kunyanyuka, mkuu wa shule aliwaomba wakae dakika kumi zaidi, kuna mwalimu ana jambo lake.

Mwalimu mwenyewe aliitwa Eugenia. Alifundisha bayolojia, kwao Mtwara, na alikuwa na miaka miwili tangu apangiwe wilaya ya Serengeti. Alikuwa ameanzisha kikundi cha wanafunzi cha kupinga biashara ya kuwinda nyangumi, wakishirikiana na shirika moja dogo la Dar es Salaam lililoitwa Sauti ya Kilindi. Walikuwa wanakusanya sahihi za kupeleka kwa wizara inayosimamia uvuvi, ili wajumbe wa nchi watakapokwenda kwenye mkutano wa mataifa unaojadili nyangumi, wapige kura ya kukataa. Watu walisikiliza kwa adabu ya watu wenye njaa. Mzee mmoja aliuliza kama samaki huyo analiwa na ugali. Eugenia akaeleza kwamba nyangumi si samaki, anavuta pumzi kama ng'ombe, anazaa na kunyonyesha, halafu akawasha projekta.

Picha ilionyesha meli ya kijivu kwenye bahari ya mbali, yenye mzinga mbele. Mzinga ulifyatua mkuki mkubwa wenye baruti kichwani, ukaingia ubavuni mwa nyangumi. Nyangumi alizama, akaibuka, akazama tena, huku kamba ikimvuta. Wengine walicheka kidogo kwa sababu hawakujua wafanye nini. Joram hakucheka. Pembeni mwa picha palikuwa na tarakimu za saa, na yeye alikuwa anazifuata.

Picha ilipokwisha alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mkuki ule ulimpata saa tano na dakika nne. Alitulia saa tano na dakika ishirini na tisa. Ni kawaida, au huyo walimkosea?"

Darasa zima lilimgeukia. Halikumgeukia kwa ajili ya nyangumi. Kila mtu mle ndani alijua kwamba Joram Mogesi alikamatwa ndani ya hifadhi akiwa na nyama ya nyumbu, akahukumiwa miaka ishirini, na kwamba alikuwa ametumikia mitano wakati Mahakama Kuu ilipokubali rufaa yake kwa sababu za kisheria ambazo wakili alimweleza na yeye hakuzielewa zote. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu arudi. Tangu arudi, hakuna aliyemsikia akitaja mnyama wa porini.

Eugenia peke yake ndiye hakuwa na habari. Alijibu kwamba wengine hufa mara moja na wengine huchukua muda kama ule au zaidi. Joram alishukuru, akaketi. Fomu ya sahihi ilipopitishwa, aliipeleka kwa jirani yake bila kuandika kitu.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja nyumbani kwake. Alikuwa ameshaelezwa habari zote, na alianza kwa kuomba radhi, kama alimfedhehesha mbele ya watu. Joram alimwambia hakuna fedheha, akamtolea kiti nje. Ester, mkewe, alileta uji na kukaa karibu, kwa kuwa alitaka kusikia.

Joram alimweleza mwalimu jinsi mtego wa waya unavyofanya kazi. Alieleza bila kupamba, kama anavyoeleza uchanganyaji wa zege. Waya unafungwa kwenye mti, tanzi linaachwa mahali wanyama wanapopita, na mnyama akiingiza shingo au mguu, kadiri anavyovuta ndivyo linavyokaza. Wengine hufa kwa saa moja. Wengine hukaa usiku kucha. Yeye alikuwa akienda kukagua kunapopambazuka, na watu walidhani ni kwa ajili ya kuwakwepa askari.

"Nilikuwa nawangojea wamalize," alisema. "Sikupenda kuwakuta wanaangalia."

Ester alikuwa ameishi naye miaka kumi na tisa na hakuwahi kusikia maneno hayo. Aliinuka, akaingia ndani.

Kisha Joram akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu siku ya kikao. Hao wenye meli, nani anawakamata? Eugenia alisema hakuna. Mataifa yalikubaliana zamani, tangu mwaka elfu moja mia tisa themanini na sita, kusimamisha biashara hiyo. Lakini Norwei iliandika pingamizi, kwa hiyo makubaliano hayaifungi. Japani ilikaa ndani miaka mingi, halafu mwaka 2019 ikajitoa, ikaendelea na uwindaji kwenye maji yake.

"Ikajitoa," Joram alirudia.

"Ndiyo. Iliandika barua kwamba si mwanachama tena."

Joram aliweka bakuli la uji chini. Alikuwa amewafahamu wanaume wengi gerezani, wa Kikurya, wa Kiikoma, wa Kinata, waliofungwa kwa nyama ya pundamilia, ya swala, ya nyumbu, wengine kwa paja moja tu ndani ya sufuria. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba sheria ni kitu ambacho mtu anaweza kukiandikia barua ya kuaga. Hakuchukia. Aliona ni jambo geni, na alitaka kuligeuza apate kuliona upande wa pili.

Alimwambia mwalimu kwamba atatia sahihi, ila hataki jina lake likae peke yake kwenye mstari. Anataka maneno yake yawepo. Aliishia darasa la sita, mwandiko wake hausomeki. Mwalimu akikubali kuandika, yeye atasema.

Barua ya kwanza ilichukua jioni mbili. Sehemu kubwa ilihusu kufa kwa mnyama na muda unaochukua. Halafu kulikuwa na aya iliyosema: *Mimi nilikutwa na nyumbu mmoja nikahukumiwa miaka ishirini, na silalamiki, kwa kuwa nilijua ni kosa. Askari aliyenikamata hakunipiga. Ninachouliza ni kwamba, kama mtu wa Mbalibali hawezi kujitoa kwenye sheria ya wanyama, mwenye meli anawezaje? Naomba mkienda kwenye mkutano muwaulize hivyo.*

Eugenia aliichapa, akaituma Dar es Salaam. Baada ya siku mbili, mratibu wa Sauti ya Kilindi, kijana mstaarabu aliyeitwa Anselm, alimpigia simu. Alisema barua imewagusa wote ofisini na wanataka kuiweka mwanzoni mwa kijitabu kitakachokwenda wizarani pamoja na sahihi. Ombi lao lilikuwa dogo: aya ya kifungo iondolewe. Kampeni ni ya nyangumi. Wakubwa wakisoma habari za hifadhi na wafungwa, wataona kuna ajenda nyingine ndani yake.

Eugenia aliona hoja ina mantiki, na alipomfikishia Joram alijaribu kuieleza vizuri. Joram alikuwa juu ya ukuta wa nyumba ya mtu, anapanga matofali. Alishuka, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ukiondoa hiyo, kinachobaki ni mtu asiyeijua bahari anamhurumia nyangumi," alisema. "Watacheka. Na mimi ningecheka."

Akapanda tena ukutani. Jibu hilo Eugenia alilituma Dar es Salaam kama lilivyo, na Anselm akasema watajadili.

Wakati wanajadili, Joram alichukua fomu tano tupu. Ester hakufurahi. Alisema watu watasema amefundishwa huruma gerezani, na kwamba nyumba yao imeanza tu kusahaulika midomoni mwa watu, kwa nini aikumbushe. Joram alimwambia hilo ni kweli. Fomu hakuzirudisha.

Jumapili alipanda basi kwenda Kemambo, upande wa Tarime, ambako alizaliwa kabla baba yake hajahamia Serengeti na ng'ombe. Kaka yake Gati alimpokea vizuri, akatia sahihi bila kusoma, na kumshauri asiende kwa majirani. Aliyemsikiliza kwa makini alikuwa shangazi yao Waisiko, mama wa miaka themanini hivi aliyezalisha wanawake wa eneo lile kwa muda mrefu. Alitaka kujua kama mnyama huyo anazaa mmoja au wengi. Joram alisema mwalimu ameeleza kwamba huzaa mmoja, na hukaa naye akimnyonyesha miezi mingi. Shangazi aliuliza anamnyonyeshaje ndani ya maji bila maziwa kupotea. Joram hakujua. Ikabidi ampigie Eugenia simu, ambaye alieleza kwamba maziwa yake ni mazito, karibu na samli, na mama huyasukuma kinywani mwa mtoto. Waisiko aliinamisha kichwa kana kwamba amepewa taarifa ya mgonjwa wake. Alichovya dole gumba kwenye wino, akalibandika, kisha akawaita wakwe zake watatu nao wafanye vivyo hivyo.

Sahihi za Kemambo zilifika thelathini na moja. Za Mbalibali zilikuwa nyingi zaidi, ingawa wapo waliomfukuza kwa utani na wachache waliomfukuza bila utani. Mmoja alimwuliza kama na simba atawakusanyia sahihi. Kufikia mwisho wa mwezi, za wanafunzi na zake kwa pamoja zilikuwa mia nne na kumi na mbili.

Sahihi moja aliyokuwa akiiahirisha ilikuwa ya Nassib. Huyo ndiye askari wa wanyamapori aliyemkamata. Kwao Tanga, lakini alipostaafu hakurudi. Alikuwa na shamba la vitunguu karibu na bwawa la Manchira, na mashine ya kuvuta maji aliyoipenda kuliko kitu kingine. Joram alimkuta anaifungua kichujio.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba." Nassib alimtazama mara moja tu, akamtambua. "Mogesi. Nilisikia umetoka. Karibu."

Joram alieleza kilichomleta. Nassib alifuta mikono, akavaa miwani, akaisoma barua yote polepole. Alipofika kwenye aya yenye habari zake alirudia kuisoma.

"Hapa umesema nyumbu mmoja."

"Ndiyo."

"Alikuwa mmoja kweli?"

"Siku ile, mmoja. Mitego ilikuwa kumi na miwili. Nyinyi mliikuta minne."

Nassib alivua miwani. "Na minane?"

"Ilibaki."

Mashine ilikuwa imezimwa, na maji yalikuwa yanarudi taratibu kwenye bomba. Joram aliona afadhali amalize, kwa kuwa ameshaanza. Alisema kwamba gerezani mwaka wa kwanza aliihesabu kila siku asubuhi, saa ile ile ya kukagua. Alijua kila mti. Alijua kwamba waya hauozi upesi, na kwamba mnyama akinasa hakuna atakayekwenda. Mwaka wa pili akaacha kuihesabu. Walipomwonyesha ile picha shuleni, ikarudi yote.

"Ungetuambia tukaitoa," Nassib alisema.

"Niwaambie nini, afande? Niongezewe?"

Nassib alivaa tena miwani. Alichukua kalamu, akatia sahihi kwenye fomu, akaandika na namba yake ya zamani ya kazi bila kuulizwa. Kisha akasema kwamba wapo vijana wanaolipwa kuzunguka porini kuokota mitego, anamfahamu kiongozi wao, mwanamke mmoja aitwaye Winfrida. Akimpigia, watamchukua Joram kama mwonyesha njia, na hakuna atakayemgusa. Joram alijibu kwamba hana imani na ahadi ya namna hiyo. Nassib akasema ni haki yake, lakini yeye mwenyewe atakwenda naye, akae naye kwenye gari hilo hilo.

Walikwenda siku ya Alhamisi. Joram hakumwambia Ester mpaka asubuhi ile, na Ester alimfungia viazi kwenye mfuko. Njia ilikuwa imebadilika. Miti mingine ilikuwa imeangushwa na tembo, na kijito kimoja kilikuwa kimehama. Hata hivyo miguu yake ilikumbuka. Kufikia saa tisa walikuwa wamepata mitego mitano. Mitatu ilikuwa imelegea na kushika kutu, haijawahi kunasa kitu au ilinasa na kukatwa, hakuna aliyeweza kusema. Wa nne ulikuwa umezama ndani ya gome la mti, na gome limeota juu yake. Wa tano ulikuwa bado umefunga mfupa wa mguu, mweupe, na mbele yake ardhi ilikuwa na shimo la duara, dogo, ambalo mvua za miaka hazijalifuta. Winfrida alieleza, kwa sauti ya mtu aliyeona mengi ya namna hiyo, kwamba mnyama alichimba pale akijaribu kutoka.

Joram aliomba koleo akaukata ule waya mwenyewe. Kisha akauliza kama wana nafasi ya kutafuta ile mitatu iliyobaki. Hawakuipata.

Usiku ule hakulala. Kesho yake alikwenda shuleni, akamwomba mwalimu aongeze maneno kwenye barua. Eugenia aliandika alivyoambiwa: *Nilipofungwa, mitego yangu minane ilibaki porini bila mwenyewe. Mitano tumeitoa. Mmoja ulikuwa na mfupa. Mitatu sijui iko wapi. Nawaambia haya msije mkadhani anayewaandikia ni mtu mwema. Ninajua kifo cha namna hii kwa sababu nimekifanya, na ndiyo maana naomba wanaokifanya kwa meli waache.*

Anselm alipoipokea hiyo alipiga simu siku hiyo hiyo. Hakuwa mtu mbaya, na Eugenia hakutaka kumwonyesha hivyo alipolisimulia jambo hili baadaye. Alisema wazi kwamba sasa hawawezi kabisa. Mtu anakiri makosa kwa maandishi, na shirika linapeleka serikalini. Kama kesho atashtakiwa upya, nani atajibu? Sahihi zote mia nne na kumi na tatu watazipokea kwa furaha. Barua hapana.

Eugenia alimwuliza Joram kama hofu hiyo anayo yeye pia. Joram alisema anayo. Akauliza gharama ya kutuma bahasha wizarani, Dodoma, ni kiasi gani.

Basi Eugenia akafanya nakala za fomu zote, asilia akazipeleka Dar es Salaam kama alivyoahidi, na nakala pamoja na barua kamili akazitia kwenye bahasha moja kubwa. Mkuu wa shule alimwomba asiweke mhuri wa shule, na yeye hakuuweka. Walikwenda posta ya Mugumu pamoja, mwalimu, Joram na Irine. Karani aliuliza kilichomo. Joram alisema ni karatasi za nyangumi, na karani akaandika "nyaraka".

Miezi minne ilipita. Mtaro wa bomba ulichimbwa ukaisha. Kijitabu cha Sauti ya Kilindi kilitoka, kizuri, chenye picha za rangi, na mwanzoni kilikuwa na barua ya mwanafunzi wa Kilwa. Jina la Joram lilikuwa ukurasa wa ishirini na sita, kwenye orodha, kati ya Neema fulani na Waisiko.

Siku moja mwalimu alimpelekea bahasha yenye nembo ya serikali. Joram alimpa Irine aisome, wakiwa wamekaa uani, Ester akichambua maharage. Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema maoni yake kuhusu uwindaji wa nyangumi yamepokelewa na yatazingatiwa wakati wa kuandaa msimamo wa nchi. Ya pili ilisema: *Kuhusu mitego mitatu ambayo haijapatikana, pamoja na masuala ya kifungo chako, tunakujulisha kwamba wanyama wa nchi kavu hawamo katika majukumu ya idara hii. Unashauriwa kuwasiliana na wizara husika.*

Ester alicheka, akajizuia. Irine alikasirika kwa niaba ya baba yake, akasema hawa watu hawana akili hata kidogo. Joram alimwambia aisome tena ile aya ya pili, taratibu. Aliposikia kwa mara ya pili namba ya mitego, mitatu, alitikisa kichwa kuafiki. Mtu mmoja mahali fulani Dodoma alikuwa ameisoma barua mpaka mstari wa mwisho. Hilo ndilo alilokuwa na shaka nalo.

Mkutano wa mataifa ulifanyika ulipofika wakati wake. Eugenia alifuatilia kwenye simu, akaja kumweleza: katazo limebaki kama lilivyokuwa, na walioko nje ya katazo wanaendelea kuwinda. Aliongea kwa uchovu, na alitaja kwamba ameomba uhamisho kurudi kusini. Joram alimwuliza kama mkutano utakuwepo tena. Alisema kila baada ya miaka miwili.

"Basi kabla hujaondoka uniachie fomu," Joram alisema, "na namna ya kuiandika ile anwani."

Eugenia alimwandikia anwani kwenye karatasi ya daftari, kwa herufi kubwa ili aweze kuinakili mwenyewe. Joram aliikunja akaitia mfukoni mwa shati, akarudi kwenye ukuta aliokuwa anaujenga, kwa kuwa udongo alioukoroga ulikuwa umeanza kukauka.